Paa Lililokwenda Mgeta

Nina hasira za karibu. Sisemi kwa kujisifu wala kwa kujuta, nasema ili ujue mapema umekaa na nani. Kwetu Pangani mama alikuwa akinituma sokoni ananionya nisigombane na mtu, nami nilirudi nimegombana na wawili na samaki sijanunua. Twalibu aliponioa na kunileta Morogoro alijua vizuri anachokibeba.

Twalibu alikuwa fundi wa viti vya magari hapa Mwembesongo. Yeye alikata, mimi nikashona, na kwa miaka kumi na minane karakana ilikwenda hivyo. Kazi moja tu hakuniachia niiguse, nayo ni mapaa. Kuna magari ya zamani ambayo bati la juu limevikwa ngozi ya plastiki, nyeusi au ya kahawia, yenye mikunjo midogo midogo, ungedhani ni ya ng'ombe kweli. Enzi hizo mwenye gari la paa la ngozi alikuwa mtu mzito. Kuibandua ngozi hiyo bila kuichana, kuisafisha, kutibu kutu iliyojificha chini yake na kuirudisha bila kuacha kiputo hata kimoja, hiyo ni kazi iliyowashinda mafundi wengi, na Morogoro nzima aliyeiweza alikuwa mume wangu. Alipofariki, miaka minne iliyopita, watu wakasema mapaa yamekwenda naye. Mimi wakabaki kuniita mshonaji.

Kwa hiyo Mwalimu Eustace alipoingiza Toyota Crown yake uani kwangu, nilijua kinachokuja si gari tu. Mwalimu ni Mhaya, alifundisha chuo kikuu hapa hapa hadi akastaafu, na bado anaongea na kila mtu kama aliyechelewa kuingia darasani. Gari lile, paa jeusi, ndilo lililompeleka kanisani na mkewe Grace siku ya ndoa yao. Sasa ndoa ilikuwa inatimiza miaka arobaini, jubilei ilikuwa Jumamosi ya wiki ya pili, na alitaka wapande gari lile lile chini ya paa lile lile.

"Sitaki ngozi mpya, mama," alisema. "Nataka hii. Nyuma hapa, karibu na kioo, imevimba kwa sababu ya kutu. Nimeambiwa mumeo alikuwa bingwa. Na wewe je?"

"Mimi ni mke wa bingwa," nikamwambia. "Nikishindwa, uandike mwenyewe pale ukutani kwamba Mwanaheri ni mshonaji tu."

Alitazama ukuta kwa makini, kana kwamba anapima herufi zitaenea. Nikaanza kazi siku ile ile kwa hasira.

Nilifanya kila nilichomwona Twalibu akifanya miaka yote ile nikiwa na sindano mdomoni. Niling'oa mikanda ya kung'aa inayoshikilia ngozi pembeni, skrubu moja moja. Nikaazima mashine ya kukaushia nywele kwa Yasmin, jirani yangu mwenye saluni, nikaipasha ngozi joto taratibu na kuivuta kidogo kidogo, siku tatu, hadi ikatoka nzima. Chini yake nikasugua kutu kwa msasa, nikapaka rangi ya kuzuia kutu, mara mbili. Ngozi yenyewe niliiosha kwa sabuni laini na mswaki wa meno, nikifuata mikunjo yake, maana ukiiosha kwa petroli, kama wanavyofanya hawa wa barabarani, inang'aa wiki moja kisha inapasuka. Jumatano asubuhi ilikuwa safi, nyeusi ya kupendeza. Nikaitandaza kivulini nyuma ya karakana, juu ya kamba mbili, nikaenda kuswali adhuhuri. Moyoni nilijua kwamba kilichobaki ni gundi na mikono.

Niliporudi, juu ya kamba hakukuwa na ngozi. Chini ya kamba kulikuwa na kabichi moja kubwa.

"Mtani wako kapita," Yasmin akanipigia kelele kutoka saluni. "Kasema amepata turubai."

Hapa lazima nikueleze habari za Idrisa. Idrisa ana lori la mboga, anateremsha kabichi na karoti za Mgeta kwenda Dar. Wiki ya kwanza ya ndoa yangu aliingia nyumbani bila hodi, akakaa penye sahani ya mume wangu, akala, kisha akasema pilau langu lingefaa kuzibia matundu ya barabara. Nilikuwa nimeshanyanyua mwiko. Twalibu akanishika mkono.

"Mwanaheri, huyu ni mtani," alisema kwa sauti ya msibani. "Ukoo wake na ukoo wangu ni watani tangu mababu. Mtani anachukua anachotaka na anasema anachotaka. Ukimkasirikia umevunja jambo kubwa, na ukoo wetu wote unaaibika."

Kwetu utani wa kabila na kabila tunaujua, na wa babu na mjukuu. Huu wa ukoo kwa ukoo niliukuta kwa Waluguru, kabila la mume wangu, na mgeni hawezi kuja kuharibu desturi za watu. Nikauweka mwiko chini. Tangu siku hiyo, kwa miaka ishirini na miwili, nimekuwa nikimeza. Amechukua mkasi wangu mzuri akaenda kukatia kamba za magunia. Amelala na viatu juu ya kiti nilichomaliza kukishona dakika ile. Siku tuliyomzika Twalibu alivaa koti la marehemu, akazunguka mbele ya waombolezaji akipapasa mifuko, akiitafuta miwani iliyokuwa kichwani, vile vile alivyokuwa Twalibu, nikacheka na machozi yananitoka. Niliona wazee wa Mgeta, kwao Twalibu, wanatazama chini. Nikadhani ni majonzi.

Jumatano hiyo nilimpigia simu.

"Mtani," nikamwambia, kwa sauti tamu hadi taya zikauma, "lile turubai langu liko wapi?"

"Liko kazini, mtani. Na wewe nenda kazini," akajibu, na mtandao ukakatika, kwa kuwa alikuwa ameshaanza kupanda milima.

Sikulala vizuri. Jubilei ilikuwa Jumamosi, na uani kwangu lilisimama gari lisilo na paa la ngozi, limepakwa rangi nyekundu ya kutu juu, mithili ya kuku aliyenyonyolewa. Kitu pekee duniani ambacho kingenifanya fundi kilikuwa mikononi mwa mtu nisiyeruhusiwa kumfokea. Alhamisi alfajiri nikapanda bodaboda, nikamwambia kijana anipeleke Nyandira, huko Mgeta anakopakia Idrisa, na njia nzima nilikuwa najifundisha kutabasamu. Tulipofika penye baridi kijana akaniuliza kama naumwa meno.

Lori la Idrisa lilikuwa chini ya nyumba ya mama mkwe wangu, Bi Mwaisha, linapakiwa kabichi. Nyumba yenyewe iko mteremkoni, kijia cha kuifikia kimesimama wima, nami nilikipanda bila kupumzika. Bi Mwaisha alikuwa uani anachambua karoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona ghafla? Kuna msiba?"

"Hakuna, mama. Nimemfuata mtani."

Sikuhitaji kuuliza zaidi, maana niliiona. Bi Mwaisha anafuga mbuzi wa maziwa, mweupe, anayelala kwenye kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo. Ngozi ya Mwalimu Eustace, niliyoiosha kwa mswaki, ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya kibanda kile na kubanwa kwa mawe manne. Mbuzi alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma. Mdomoni alikuwa na kona ya nyuma ya ngozi ile, upande wa kulia, anatafuna huku ananitazama.

Idrisa alitokea nyuma ya nyumba akipangusa mikono.

"Umeona, mtani? Mama alikuwa analalamika mbuzi analowa. Wewe una turubai limekaa tu juu ya kamba. Paa ni paa."

Nilimsukuma mbuzi, nikatoa mawe, nikaishusha ngozi na kuipima. Ilikuwa imeliwa upana wa vidole vitatu. Kidole kimoja kingefichwa na mkanda wa pembeni, viwili vingeonekana na kila mtu kanisani. Nikatabasamu. Nilitabasamu hadi masikio yakaanza kuvuma, na ngozi nikawa naikunja na kuikunjua.

"Asante, mtani," nikasema. "Umefanya vizuri sana."

"Ndiyo nilivyomwambia mama," akasema Idrisa. "Nilimwambia Mwanaheri hana choyo, ana sura mbaya tu."

Bi Mwaisha aliiweka karoti chini. Alinitazama mikono, akanitazama uso.

"Idrisa, inatosha," akasema. "Huyu atapasuka mshipa hapa uani kwangu, halafu nitamwambia nini Mungu? Mwanaheri, mwanangu, mtukane. Huyo si mtani wako."

Nikasema sijaelewa.

"Si mtani wako, wala hakuwa mtani wa Twalibu. Huku kwetu ukoo ni wa mama. Mama yake Idrisa na mimi ni ukoo mmoja. Mtu atataniana vipi na ukoo wake mwenyewe? Idrisa ni shemeji yako. Shemeji wa kawaida, tena ovyo."

"Lakini Twalibu alisema..."

"Twalibu alikuja hapa kabla ya harusi, akatukusanya wote. Akasema, mke ninayemleta nampenda, ila anawaka. Na Idrisa ni rafiki yangu tangu tunachunga mbuzi, ila hana adabu. Nikiwaacha hivi hivi, mwaka hautaisha kabla sijampoteza mmoja wao. Basi akatuomba tuseme hivyo. Mgeta nzima inajua. Hata siku ya mazishi, watani wa kweli walikuwa wamekaa nyuma wamenuna, maana huyu aliwanyang'anya kazi yao."

Nilimgeukia Idrisa. Alikuwa ameshusha macho, anazungusha kofia mkononi. Miaka ishirini na miwili. Nilianza na lile pilau.

Siwezi kuandika yote niliyosema. Nilikwenda mwaka kwa mwaka, bila kuruka. Nilimsema mkasi, nilimsema kiti na viatu, nilimsema juu ya vitu ambavyo mwenyewe alikuwa amevisahau. Wanawake waliokuwa wanateremka na matenga ya mboga walisimama kijiani, mmoja akatua tenga lake akalikalia. Wapakiaji waliacha kupakia. Kivuli cha kibanda cha mbuzi kilikuwa miguuni mwangu nilipoanza, na kilikuwa kimefika mlangoni kwa Bi Mwaisha nilipofikia siku ya mazishi na lile koti. Hapo maneno yakakwama.

"Endelea," akasema Idrisa taratibu. "Twalibu aliniambia siku utakapojua, nisikimbie. Alisema nisimame mpaka mwisho, kwa sababu ukishamaliza unakuwa mtu mzuri sana."

Nililia. Nililia mbele ya mkwe wangu, mbele ya wapakiaji na mbele ya mbuzi. Nilimlilia mume wangu upya, kwa uchungu ambao sikuwa nao hata siku ya kumzika, na pia nilikuwa namkasirikia, maana yeye alikuwa amelala kaburini kwa raha zake na mimi ndiye niliyekuwa na uongo wake mkononi. Bi Mwaisha akanipa maji, akarudi kwenye karoti zake.

Idrisa alinirudisha mjini kwa lori, ngozi nimeipakata. Na hapo ndipo nilipoyaona mambo. Njia nzima aliniita shemeji. Shemeji, nifunge dirisha? Shemeji, tusimame ununue ndizi? Ijumaa alikuja karakana, akasimama mlangoni akapiga hodi, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu anifahamu, akauliza kama kuna kazi ya kunisaidia. Aliomba ruhusa kabla ya kunywa maji ya mtungi. Nilidhani nitafurahi. Badala yake nilijisikia nimeachwa peke yangu na mgeni mwenye adabu, na karakana ilikuwa kimya kuliko siku zote tangu Twalibu aondoke.

Hata hivyo kazi ilikuwa kazi. Mbele, chini ya mkanda wa kioo kikubwa, kiwandani walikuwa wameacha upindo mpana wa vidole vinne ambao haujawahi kuona jua. Nikakata humo kiraka, nikakiunga pale alipokula mbuzi, mshono nikaupitisha ndani ya mikunjo ya ngozi yenyewe, na juu yake nikakanda kwa mgongo wa kijiko cha moto mpaka kidole kikawa hakisikii kitu. Kisha tukapaka gundi. Idrisa alishika upande wa pili, tukailaza ngozi katikati ya paa na kuisukuma kwa viganja kwenda pembeni, polepole, tukifukuza hewa. Machweo tulirudisha mikanda. Nilizunguka gari mara tatu nikitafuta kosa ili nimgombeze mtu, nikakosa.

Jumamosi saa mbili asubuhi Mwalimu Eustace alifika kwa miguu, suti ya kijivu, ua jeupe kifuani, na mama Grace kando yake kwa gauni la rangi ya dhahabu. Mama Grace aliliona gari akaweka mkono mdomoni. Mwalimu hakuweka mkono popote. Alivaa miwani, akainama, akaanza kukagua kutoka mbele, inchi kwa inchi, kama anasahihisha mtihani. Idrisa alikuwa amesimama ukutani, kofia mkononi.

Mwalimu alifika nyuma, upande wa kulia. Akapapasa. Akapapasa tena. Akavua miwani.

"Mama Mwanaheri," akasema, "nilikuja na maneno mengine. Nayarudisha. Wewe ni fundi."

Nilisikia joto linapanda kifuani. Ningependa kusema nilijibu kwa unyenyekevu, lakini nilimwambia ndiyo, najua. Na mambo yangeishia hapo kwa amani, kama Idrisa angekuwa na uwezo wa kukaa kimya. Lakini alikuwa amejaa fahari juu yangu, imefika kooni, akashindwa.

"Mwalimu," akasema, "hebu tafuta alipokula mbuzi. Umepashika na hukupajua."

Mwalimu Eustace alimgeukia pole pole.

"Mbuzi gani?"

Idrisa alinitazama, na usoni mwake niliona ameelewa alichofanya, na kwamba hatajitetea.

"Nauliza, mbuzi gani? Na huyu ni nani?" Sauti ya Mwalimu ilikuwa imeanza kupanda, na shingo yake juu ya kola nyeupe ilikuwa inavimba. Naijua hali hiyo, ni yangu. Dakika moja zaidi na angesema yale ambayo mtu hayarudishi, jubilei ingeharibika, na Idrisa angesimama pale mpaka mwisho, kama alivyosimama Alhamisi.

Nilikwenda nikasimama kati yao.

"Mwalimu," nikasema, na sauti iliyonitoka ilikuwa ya msibani, "huyu ni mtani. Alilichukua paa lako akampa mbuzi wa Mgeta, kwa utani. Umelileta gari uani kwangu, na kwa desturi za huku, aliyeingia uani ameingia na kwenye utani. Huruhusiwi kukasirika."

"Kwetu Bukoba hatuna desturi hiyo."

"Uko Morogoro, Mwalimu. Miaka yote umeishi hapa hukuambiwa?"

Alikuwa msomi, na msomi haogopi kitu kama kuonekana hajui. Nikamwona anafikiri, nikamwona anaifunga hasira yake kidogo kidogo, na mwisho nikamwona anameza. Nilimhurumia kwa dhati, maana naijua ladha yake.

"Na hali hii," akauliza, "huchukua muda gani?"

"Ni ya maisha."

Idrisa alijitoa ukutani. Alikuja mpaka kwa Mwalimu Eustace, akamkagua suti kutoka juu hadi chini, akalichomoa lile ua jeupe kifuani na kulichomeka kwenye shati lake lenye madoa ya kabichi.

"Umependeza, mtani," akamwambia. "Ila hilo tumbo lako ndilo lingevikwa ngozi."

Mwalimu Eustace akatabasamu. Alitabasamu kwa meno yote, akaingia garini, akawasha. Mama Grace alibaki nyuma kidogo, mkono kwenye mlango, mabega yanatikisika kwa kicheko alichokuwa anakificha kwa mumewe. Alinisogelea sikioni.

"Dada," akanong'ona, "ni mtani kweli yule?"

Nilimtazama Idrisa, ambaye alikuwa tayari ameingia karakana na anafungua sufuria langu bila kuomba.

"Kuanzia leo," nikamwambia.